Chokaa Jikoni kwa Mama

Dada yangu ni msanifu majengo, na kichwa chake ni kigumu kuliko zege. Mitaani wanamwita Bi Chokaa. Jina hilo lilitokana na kosa lake la kwanza kazini.

Alipotoka chuoni alipewa mtaa mmoja aupange upya. Akabandika ramani ukutani, akawauliza wakazi kama wameridhika. Wote wakajibu, "Tumeridhika, mtaalamu." Hakuna aliyeweza kuisoma ile michoro, ila nani angemvunjia heshima mtoto wa watu aliyekuja na viatu vinavyong'aa namna ile? Nyumba zikajengwa, na milango ya vyoo ikatazamana na meza za kulia za majirani. Dada alilia wiki nzima. Tangu hapo hajengi kitu kabla hajakichora ardhini kwa chokaa, kwa ukubwa wake halisi, ili watu wapite humo na ndoo zao na vitanda vyao, na wagombane kabla ya tofali la kwanza.

Miaka ishirini amefanya hivyo mitaa ya wenzetu. Mwaka huu ikafika zamu yetu. Tuko mteremkoni, na mvua zikianza tu, safu ya chini inaoga matope. Halmashauri ilitoa wiki mbili: wakazi wakubaliane mfereji wa kutoa maji ya mvua upite wapi, la sivyo nyumba thelathini za chini zibomolewe zote.

Dada alipima siku nne. Siku ya tano akashika kopo la chokaa, akaanza kushuka, mtaa mzima nyuma yake. Mstari ukapita nyuma ya nyumba ya fundi cherehani, ukakata ua wa mwalimu, ukaelekea moja kwa moja jikoni kwa Mama. Jiko hilo Mama alilikandika kwa mikono yake, na humo alipika vya kuuza mpaka dada akamaliza chuo.

"Pindisha kidogo bwana, huyo si mama yako?" fundi akanong'ona.

"Nikipindisha, maji yanarudi kwako."

Lakini dada alipofika ukutani mwa jiko, aliinua kopo. Akazunguka kwa nje, akaendelea kumwaga chokaa upande wa pili, kana kwamba jiko halipo. Watu wakatazama chini. Mimi mdogo wake niliona aibu, na papo hapo nikamwonea huruma.

Mama akatoka akijifuta mikono. Akautazama mstari wa juu, kisha wa chini.

"Mbona hapa umeruka?"

"Mama, nilikuwa nataka kwanza..."

"Kwa mwalimu uliruka? Lete kopo."

Akaingia ndani. Tukasikia sufuria zikisogezwa. Alitokea mlango wa nyuma akiwa ameinama, chokaa imempanda hadi viwikoni, na mstari umepita katikati ya mafiga ukaungana na ule wa chini. Ulikuwa umepinda vibaya sana.

"Unyooshe wewe," akamwambia dada, akimrudishia kopo. "Mimi sikwenda chuo."