Marahaba Iliyokwama

Wifi yangu hapendi kuharakishwa. Amefanya kazi ya kupiga pasi tangu kaka yangu akiwa hai, na hata sasa, kaka akiwa ameshatangulia, bado anaishika nguo ya mteja kana kwamba mwenyewe yumo ndani yake. Anatandaza shati mezani, ananyunyiza maji, anaanza na kola. Siku zote anaanza na kola. Mtaani wanamwita Mama Pasi. Mimi nina cherehani yangu upande wa dirishani katika chumba hichohicho, nami namwita jina lolote linalonijia mdomoni, maana mawifi tusipotaniana tutaugua.

Kwa kola ndivyo anavyowapima watu. Mwaka jana binti yake, muuguzi katika mji mwingine, alituletea kijana anayetaka kumwoa. Ni fundi wa majokofu, mpole, mwenye macho ya kucheka. Mimi nilimpenda palepale, nikambandika jina la Fundi Baridi. Bahati mbaya alikuwa amesafiri usiku kucha na shati lake lilikuwa limejikunjakunja lote. Wifi alimkaribisha vizuri, akamlisha, akamsindikiza hadi nje. Kisha akaniambia kwamba mtu asiyeweza kunyoosha kola yake mwenyewe hawezi kunyoosha maisha ya binti yake. Binti alipouliza jibu, akaambiwa mama bado anafikiri. Akafikiri hadi mvua zikaja zikaisha.

Binti hakununa, ana akili kuliko sisi wote. Alitulia tu, kisha siku moja akamtumia mama yake boksi. Ndani mlikuwa na simu ya kisasa, zile za kioo kitupu, na ujumbe kwamba ameshamwekea kila kitu, kazi yake ni kupokea tu. Fundi Baridi atampigia Jumapili, kwa njia ya intaneti, waongee kidogo kidogo wazoeane.

Wifi aliigeuza simu mbele na nyuma akaniuliza vitufe vyake viko wapi. Simu yake ya zamani, ile ya tochi, ilikuwa na vitufe vilivyofutika namba zote, lakini vidole vyake vilizijua. Hii ilikuwa laini kama sahani. Alipojiona kwenye kioo akarekebisha kwanza kitambaa cha kichwa, ndipo akaiwasha. Kisha ikawa kazi kuitafutia mahali pa kukaa. Karibu na pasi aliogopa itapata joto, karibu na chupa ya maji aliogopa italowa, mwishowe akailaza kwenye rafu juu ya mashuka ya mteja, imefunikwa leso. Nikamuuliza kama imeshanyonya au bado. Akaniambia niangalie mshono wangu, unakwenda upande.

Kilichomteka moyo hasa ni adabu ya ile simu. Kila alipogusa kitu, iliomba kwanza ruhusa. Inaandika swali zuri la Kiswahili, na chini yake maneno mawili: Ruhusu, Kataa. Ilimwomba ione majina ya watu wake. Akafuta kidole kwenye aproni, akabonyeza Kataa. Ikamwomba ijue alipo. Kataa. Ikamwomba ione picha zake, naye hana hata moja. Kataa.

"Unaona?" aliniambia. "Hii inabisha hodi. Siyo wewe, unayechukua mkasi wangu kimyakimya."

Ijumaa, tukiwa tunakunja pazia refu la mteja, yeye ncha ile na mimi ncha hii, alisema bila kunitazama kwamba amechoka kufikiri. Mtoto ameshampenda, na yeye mwenyewe hakuolewa na kaka yangu kwa sababu ya mashati. Hilo ni kweli, kaka yangu alikuwa ovyo. Nikamuuliza, kwa hiyo?

"Jumapili nitamsikiliza. Ukinisikia nimemwita mwanangu, ujue nimekubali."

Nilijikaza kisabuni nisipige vigelegele.

Jumapili tulifungua chumba ingawa si siku ya kazi, kwa kuwa nyumbani kwake mtandao unasuasua. Simu ikalia mlio ambao hatujawahi kuusikia, akabonyeza kijani, na simu, kwa adabu yake, ikauliza mambo mawili upesi upesi. La kwanza ni kamera. Akakataa, hajajiandaa kuonwa. La pili iliomba kurekodi sauti, na hapo wifi akaja juu. Sauti yake irekodiwe ili ikasikilizwe na nani? Kataa. Ndipo sauti ya kijana ikatoka, safi kabisa, kama yuko nyuma ya mlango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema wifi.

Mguu wangu ukasimama kwenye cherehani. Alilisema lile neno kwa upole ambao mimi, wifi yake wa miaka yote hii, sijawahi kuonjeshwa. Lakini upande wa pili kimya. Kisha kijana akasema tena, "Shikamoo mama." Wifi akaitikia tena kwa sauti kubwa zaidi. Kimya. Mara ya tatu wifi aliitikia hadi muuza viatu wa ng'ambo ya barabara akageuka. Kijana akameza mate, tukasikia kabisa anavyomeza.

"Sawa mama," akasema. "Nimeelewa. Samahani kwa usumbufu."

Akakata. Wifi aliiweka simu chini polepole.

"Ni kiziwi," alisema. "Binti yangu anaolewa na kiziwi na amenificha."

Alishinda na jambo hilo. Uziwi si kosa, alisema, kosa ni kuficha. Na huyo fundi anasikiaje jokofu likinguruma vibaya? Nami nilishindwa kumtetea, maana nilisikia kwa masikio yangu akiitikiwa mara tatu.

Jumatatu jioni, wifi akiwa nje anaanua nguo, binti akapiga kwenye simu yangu, siyo ya mama yake. Analia.

"Shangazi, mama angesema tu hapana. Lakini kunyamazia shikamoo ya mtu? Mara tatu?"

Alisema kijana hakulala. Amemwambia kwamba hawezi kuoa katika nyumba ambayo mama hataki hata salamu yake, na kwamba ni afadhali waachane mapema kuliko kumgombanisha mtu na mzazi wake. Nikamwambia anyamaze kulia, mama yake aliitikia, tena alimwita mwanangu, mimi shahidi. Hakuniamini. Nikamwambia ampigie mama sasa hivi kwa njia ileile ya intaneti.

Akapiga. Wifi akaingia mbio, akapokea kwa furaha.

"Mama? Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu."

"Mama? Mbona kimya?"

Wifi akashusha simu akanitazama kwa huruma. "Na huyu naye," akaninong'oneza. "Ameambukizwa."

Nilicheka nikakosa miguu, nikakaa juu ya suruali ya mteja iliyotoka kupigwa pasi, na hilo hadi leo hajanisamehe. Kisha nikavaa miwani yangu ya kutungia uzi, nikamnyang'anya simu. Kwenye kona ya kioo palikuwa na kialama cha kipaza sauti, kimekatwa kwa mstari. Nikakumbuka lile swali la pili la Jumapili. Nikamweleza taratibu kwamba simu haikutaka kumpeleleza. Iliomba kumbebea sauti yake, naye akaikatalia.

Hakucheka. Alivuta kiti akakaa, akashika tama.

"Kwa hiyo aliniamkia mara tatu," alisema, "na mimi nikawa jiwe."

Machozi yalimlengalenga. Nilimhurumia sana. Tabia yake ni ya kukataa, hilo siwezi kulificha, lakini hajawahi kumnyima mtu salamu, hata mteja aliyemkimbia bila kulipa.

Tukaanza kuitafuta ile ruhusa. Unafungua mlango, ndani kuna mlango mwingine. Mwishowe tukafika kwenye ukurasa ambao ni wifi yangu mtupu: majina, imekataliwa. Mahali, imekataliwa. Picha, imekataliwa. Sauti, imekataliwa. Nikamwambia hapa bonyeza mwenyewe, mimi sitaki lawama. Akafuta kidole kwenye aproni, akapiga moyo konde, akaruhusu. Nikamshauri basi amwambie binti ili kijana apige tena, maana mdogo ndiye anayemtafuta mkubwa.

"Aliyenyamaza ni mimi," akasema, akampigia mwenyewe.

Kijana alikuwa ndiyo kwanza anaingia chumbani kwake kutoka kazini. Alipokea. Tulisikia pumzi tu, na wifi kwa mara ya kwanza nikamwona anaogopa. Kisha ikaja, ndogo sana, kama ya mtu anayejaribu maji kwa kidole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ni ya leo. Na za jana zote tatu, marahaba, marahaba, marahaba."

Kitu kilianguka upande wa pili, bila shaka ni begi lake la spana. Wifi akamuuliza kama amesikia. Akasema amesikia, na sauti yake haikuwa nzima. Wifi akanigeukia kunijulisha kwamba si kiziwi.

Hapo simu ikaomba kamera. Wifi alinitazama, akavua aproni, akajiweka sawa kitambaa, akabonyeza Ruhusu. Tukaona dari na taa. Kijana alikuwa ameilaza simu kitandani akakimbia, anaomba mama amsubiri kidogo tu. Aliporudi alikuwa amevaa shati jeupe, vifungo vimepishana, kola imesimama wima. Na kando ya kola palikuwa na alama ya kahawia ya ncha ya pasi.

Wifi akaisogeza simu karibu na macho.

"Hilo umelipiga pasi mwenyewe?"

"Ndiyo mama. Kwa ajili ya jana. Nilidhani utaniona."

"Umeliunguza."

"Ndiyo mama."

Nilishika mkasi wake bila kuomba, kwa wasiwasi tu, na hakuona. Alikuwa anaikagua ile kola kama anavyozikagua za wateja, ncha hadi ncha; ndiyo pekee iliyonyooka katika shati zima.

"Lakini ulianza na kola," akasema.

"Ndiyo mama."

"Njooni Jumamosi. Na hilo shati uje nalo, nikuonyeshe."