Kadi ya Herufi Tano

Kwa miaka ishirini na miwili alikaa nyuma ya dirisha namba tatu la ofisi ya kupokelea barua, na kazi yake ilikuwa moja: kugonga muhuri wa IMEPOKELEWA. Barua ya malalamiko, imepokelewa. Barua ya kuomba kazi, imepokelewa. Hakuna aliyemwagiza aseme imesomwa, na yeye, kwa kuwa ni mkweli, hakusema. Siku aliyostaafu walimzawadia saa ya ukutani na kiti cha kupumzikia, labda ili autazame muda ukipita akiwa ameketi. Saa aliitundika. Kuketi kulimshinda.

Mkono wake wa kulia ulikataa kustaafu. Wakati wa chai ulinyanyuka wenyewe na kushuka juu ya kitambaa cha meza, gong, gong, mpaka vikombe vikaanza kusogea. Mumewe ni fundi makochi, mtu mtulivu ambaye maisha yake yote amekuwa akiwatafutia watu wengine namna ya kukaa vizuri. Alivumilia wiki tatu. Ya nne akamletea raba nene ya kufutia, kibao cha mbao na wembe.

"Gonga," alimwambia, "lakini kibaki kitu."

Ndivyo Bi Muhuri, kama mtaa ulivyomwita tangu enzi za dirisha namba tatu, alivyoingia katika kazi ya kadi. Alichonga herufi kwenye raba, akazibandika juu ya kibao, akazigonga kwenye karatasi ngumu, halafu akapamba: utepe, shanga, vifungo vilivyobaki kwenye makochi ya mumewe, mabaki ya kitambaa yaliyokatwa kama majani. Katika miaka mitatu mtaa mzima ulikuwa umeshapongezwa naye angalau mara moja. Alikuwa na muhuri wa HONGERA, wa POLE, wa ASANTE, na mmoja wa KARIBU MTOTO uliochakaa upesi kuliko yote. Mara moja tu HONGERA na POLE ziliwahi kubadilishana bahasha. Bwana harusi aliyepata POLE alikuja baada ya mwaka na nusu kumuuliza alijuaje.

Kadi hizi zote zilitengenezwa juu ya meza, na meza hiyo ndiyo iliyoleta mambo.

Ilikuwa meza ya mama yao, yake na ya dada yake, mbao nzito na miguu minene kama ya mtu aliyekataa kuhama. Mama alipofariki, mabinti wawili waligawana vitu kwa adabu iliyowashangaza wote: sufuria, mashuka, hata picha. Ikabaki meza. Dada alisema ni yake kwa sababu yeye ni mkubwa. Bi Muhuri alisema ni yake kwa sababu yeye ndiye aliyekunywa chai na mama hapo miaka ya mwisho. Walikubaliana kulizungumza Jumapili. Alhamisi, dada akiwa darasani anafundisha, Bi Muhuri alikuja na mkokoteni na watu wawili wenye nguvu, na Jumapili hapakuwa tena na cha kuzungumzwa.

Dada, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi na hakuwa mtu wa maneno mengi nje ya darasa, alituma ujumbe mmoja: "Mwambieni meza ameipata. Dada hana."

Miaka sita ikapita. Kati ya nyumba zao kulikuwa na mitaa minne. Walijuliana hali kupitia muuza mboga mmoja, ambaye sijui kama alijua kuwa anafanya kazi mbili.

Ni huyo muuza mboga aliyeleta habari siku ya Jumatatu, akipima vitunguu. Mwalimu amestaafu. Anahamia kwa binti yake, mji wa mbali, safari ya siku mbili. Ataondoka Jumamosi. Nyumba tayari imejaa masanduku.

Bi Muhuri aliviacha vitunguu kwenye mizani.

Siku hiyo alifagia sebule mara mbili, akabadilisha mapazia, akayarudisha yale ya kwanza. Alijua kuwa dada yake akishaondoka, kimya cha mitaa minne kitakuwa kimya cha siku mbili, na umri wao haukuwa wa kuahirishia mambo. Kwenda kubisha hodi hakuthubutu. Simu angepiga, lakini angesema nini baada ya halo? Ikabaki kile alichokijua. Alipanga mihuri yake yote mezani akaitazama. POLE ingeonekana kama anamhurumia. HONGERA ingekuwa kejeli. ASANTE, kwa lipi, kwa meza? KARIBU MTOTO haikuhitaji kufikiriwa.

Jumatano asubuhi aliamua kuchonga mpya. Neno moja, herufi tano: AMANI.

Sasa, mchongaji wa mihuri anaishi kinyume. Neno likitaka kusomeka kwenye karatasi, lazima liandikwe kwenye raba likiwa limegeuka, kama linavyoonekana kwenye kioo. Bi Muhuri alikuwa na njia yake: aliandika neno kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, akailaza kifudifudi juu ya raba, akaisugua kwa ukucha, na herufi zikajigeuza zenyewe. Njia hiyo ilihitaji robo saa ya kutulia. Jumatano hiyo hakuwa nayo. Goti lake lilikuwa likitetemesha meza, alishasimama mara tano kuchungulia dirishani, na dirishani hapakuwa na kitu. Akachukua wembe akachonga moja kwa moja.

Na raba haikumwonya. Angechonga HONGERA namna hiyo, G na R zingempigia kelele. Lakini A ukiigeuza ni A. M ni M. I ni I popote uendapo. Alichonga AMANI ikasomeka AMANI, akafurahi kwamba mkono bado unajua kazi.

Aligonga kwa gundi badala ya wino, akamwagia unga wa kumeremeta wa rangi ya dhahabu, akapuliza uliozidi. Ulimeta vizuri. Akaweka utepe mweupe na kifungo cha kochi la kijani, na ndani akaandika kwa mkono: "Kwa moyo wangu wote. Mdogo wako." Alitazama gundi, alitazama utepe, alitazama kifungo kama kimekaa katikati. Neno hakulisoma. Anayejua alichoandika hana haja ya kusoma.

Mumewe aliipeleka Alhamisi alipokuwa akienda karakana. Alirudi mchana kula.

"Alisemaje?"

"Alisema asante."

"Asante ya namna gani?"

"Asante ya kawaida. Ina namna ngapi?"

"Aliifungua?"

"Aliiweka juu ya sanduku la vyombo. Akaniuliza kama nakula vizuri."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia nakula vizuri."

Ili mikono isikae bure, Bi Muhuri aliamua kutengeneza kadi za AMANI zaidi, huenda wengine wakazihitaji. Safari hii alitumia wino. Akagonga. Akanyanyua kibao.

INAMA.

Akageuza karatasi juu chini, kana kwamba tatizo lilikuwa upande aliokaa. Akagonga tena. INAMA, na ile N imegeukia upande usio wake kama mlevi. Herufi tano zile zile, zimetoka kwa mlango wa nyuma. Baada ya miaka sita ya kimya, neno la kwanza alilomtumia dada yake mkubwa, kwa dhahabu na utepe, lilikuwa amri ya kuinama. Kwa moyo wangu wote. Mdogo wako.

"Kaichukue," alimwambia mumewe.

"Nikachukue nini?"

"Kadi!"

Fundi alilitazama neno, akatafuna taratibu, akameza. "Nikamwambie nini? Shemeji, naomba ile kadi, nimekuletea matusi kwa bahati mbaya?"

"Ndiyo. Sema hivyo hivyo."

"Mimi ni fundi makochi, mama. Kaa kwanza."

"Nimekaa."

"Umesimama."

Alikuwa amesimama kweli, na mkononi alikuwa na wembe. Aliikata ile raba vipande vitano, herufi kwa herufi, kwa hasira ambayo raba haikustahili, na vipande vikaruka kila upande. Halafu akavaa viatu, akaenda mpaka mtaa wa pili, akarudi. Akaenda mpaka wa tatu, akarudi. Fundi cherehani aliyekuwa kibarazani alimuuliza kama amepoteza kitu. Mara ya tatu akapitia nyuma, kwenye matope, ili asiulizwe.

Ijumaa alasiri mlango uligongwa mara tatu, kwa vipimo sawa, jinsi walimu wanavyogonga.

Dada alikuwa amevaa nguo za kufungia mizigo na kilemba kimejaa vumbi. Hakusema hodi. Aliweka kadi juu ya meza, na Bi Muhuri akaona kwamba N ilikuwa imezungushiwa duara la wino mwekundu.

"Niiname mimi?" alisema dada.

"Dada, karibu ukae."

"Nimeuliza. Miaka sita hunijulii hali, nimebakiza siku moja niondoke, unanitumia mume wako na bahasha. Mimi mjinga nafungua. Inama! Nimekukosea nini, sikuinama vya kutosha? Meza si unayo?"

"Niliandika amani."

"Nimefundisha kusoma miaka thelathini na minne. Hii siyo amani."

"Kwenye raba ilikuwa amani. Nilisahau kugeuza, ndiyo ikatoka hivyo. Ukiigeuza..."

"Na hii N?" Dada aliigonga kwa kidole. "Ukitaka kunitukana, nitukane, wewe ni mtu mzima. Lakini andika N ya watu. Hata watoto wa darasa la kwanza wanaijua."

"Ndiyo nakwambia, iligeuka kwa sababu..."

"Iko wapi hiyo raba?"

"Niliikata."

"Bila shaka."

Vipande vinne vilikuwa bado mezani, kati ya shanga na utepe. Alivikusanya haraka, akavipanga mbele ya dada yake, akaacha nafasi.

Dada aliinamisha miwani. "Ama," alisoma. "Ama nini?"

"N imeanguka."

"Ama nini?" alirudia dada, na kwa mara ya kwanza pembe ya mdomo wake ilifanya kitu ambacho hakikuwa hasira.

"Iko chini ya meza. Subiri niitafute."

Bi Muhuri alipiga magoti, akaingia chini. Dada alisimama akimsikiliza akisukuma vikapu na kulaumu vumbi. Angeweza kuondoka. Masanduku yalikuwa yakimngoja. Lakini mwalimu hawezi kuacha zoezi na nafasi iliyo wazi katikati, na baada ya dakika moja aliweka mkoba wake kitini, akashika ukingo wa meza ya mama yake, na goti moja baada ya jingine akashuka.

"Siyo huko. Tafuta karibu na mguu. Vitu huviringika kuelekea mguuni."

"Raba haiviringiki, dada."

"Bado unabisha."

"Hii hapa!" Bi Muhuri aliinua kipande kidogo cheusi kwa wino. Dada alikisogeza kwenye mwanga, na hapo, alipoinua kichwa, akaacha kukitazama.

Bi Muhuri alifuata macho yake. Upande wa chini wa meza, mahali ambapo kwa miaka sita hakuwahi kupatazama, kulikuwa na maandishi yaliyokwaruzwa kwa msumari, makubwa, yenye bidii, yakipanda kuelekea kulia: NI YANGU. N mbili. Zote zimegeuka.

"Mwandiko wa nani huu?" aliuliza Bi Muhuri.

"Watu wengi wamekaa kwenye meza hii."

"Chini yake?"

Dada alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kilemba, jambo lililoiongezea vumbi. "Nilikuwa na miaka sita," alisema. "Wewe ulikuwa umezaliwa juzi. Kila mtu anakutazama wewe."

"N mbili, Mwalimu."

"Nimeziona."

"Hata watoto wa darasa la kwanza..."

"Nimesema nimeziona." Kicheko kilimtoka dada puani, kidogo, kama mtu anayezuia chafya, halafu kikamshinda. "Lakini umesoma mwenyewe. Imeandikwa. Meza ni yangu."

"Imeandikwa kinyume."

"Kwa hiyo siyo yangu?"

"Kwa hiyo ni kama kadi yangu. Tuangalie nia."

Walikuwa bado humo chini, wamegusana mabega, kila mmoja akimpa mwenzake herufi aishike, fundi makochi alipofungua mlango. Aliona mkoba kitini, kadi mezani, na upande wa nyuma wa familia ya mkewe. Alivua kofia.

"Karibu, shemeji," alisema.

"Usisimame hapo," dada alijibu kutoka chini. "Kesho nasafiri na magoti yamekwama. Niliambiwa niiname, nimeinama. Sasa njoo uniinue."