Nyota ya Kufungia Sabato

Mama yangu alikuwaga na nyota yake. Hakuwahi kuipa jina, na sisi watoto hatukuwahi kumuuliza. Ilikuwa nyota yoyote itakayotangulia kutoka Jumamosi jioni, jua likishazama ziwani. Kanisani walifuata saa ya machweo iliyobandikwa ukutani, lakini nyumbani kwetu Mugango Sabato ilifungwa na mama. Alisimama nyuma ya jiko, mikono kiunoni, akatazama upande wa ziwa mpaka akasema, "Imetoka." Tukaimba wimbo mmoja, akaomba, ndipo tukaruhusiwa kuwasha redio na kukimbizana uani. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba asiposema, Jumapili haiji.

Nimeolewa Bunda, nina saluni ndogo ya kusuka nywele. Mama anaishi na wifi yangu, mke wa kaka yangu aliyefariki. Wifi ndiye aliyenipigia simu.

"Wifi, mama anajigonga."

"Anajigongaje?"

"Mlangoni. Bega la kushoto limejaa alama. Na chai anamimina nje ya kikombe, halafu ananiambia kikombe kimesogea."

Tulimpeleka Musoma kwa daktari wa macho. Walimwekea kidevu kwenye mashine, wakamwambia abonyeze kitufe kila akiona kitaa kinawaka. Nilikuwa nimekaa pembeni. Vitaa nilikuwa sivioni, nilichosikia ni kile kitufe tu, kinabonyezwa mara moja kisha kimya kirefu, kisha mara moja tena. Daktari alisema ni presha ya macho, imekaa muda mrefu bila kuuma. Alichora duara kwenye karatasi, akalipaka wino mweusi kuanzia nje kuja ndani, akaacha kitundu katikati. "Anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba," aliniambia. Matone yangelinda kile kitundu. Kilichokwisha kupotea hakirudi.

Mama alikuwa ametulia, mkoba wake mapajani. Aliuliza swali moja tu.

"Na usiku?"

"Usiku utapata shida zaidi, mama," daktari akasema.

Jumamosi iliyofuata nilibaki Mugango. Jioni akatoka, akasimama mahali pake nyuma ya jiko. Nilimwona anazungusha kichwa polepole, kama mtu anayetafuta sauti inakotokea. Nyota ilikuwa imeshatoka. Ilikuwa juu ya maji, kubwa, nyeupe, haina hata haja ya kutafutwa. Wifi akasema, "Ile pale, mama." Mama akauliza wapi. Wifi akanyoosha mkono, na mimi nikanyoosha wangu, lakini mama alikuwa haioni mikono yetu pia. Alifunga Sabato kwa maombi mafupi. Hatukuimba.

Niliporudi Bunda nilimsuka binti mmoja anayesoma chuo, likizo ilikuwa imemleta nyumbani. Nikamsimulia. Akanionyesha kwenye simu yake programu ya nyota: unainua simu kuelekea mbinguni, inakuandikia unachokitazama. Nikafikiri, kama mama anaona kwa kitundu, basi shida si jicho, shida ni kujua kitundu akielekeze wapi. Nikimwelekeza sawasawa, ataiona. Nilifikiri hivyo kweli, na wazo hilo lilinipa furaha ambayo sikuwa nayo tangu siku ile ya Musoma.

Usiku huohuo nilipakua ya kwanza, ile iliyosifiwa na watu wengi kuliko zote. Jumamosi nikashuka kwenye basi Kiabakari, nikachukua pikipiki mpaka nyumbani. Jua lilipozama nikaifungua. Kabla anga halijatokea kwenye kioo likaja tangazo la kubashiri mechi, muziki juu, mwanaume anapiga kelele za ushindi. Mama alikuwa ameshafumba macho kwa ajili ya maombi.

"Nani anacheza kamari kwangu?" akauliza.

Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Mama naye akacheka. Mimi nilikuwa nahangaika kutafuta kile kialama kidogo cha kufungia tangazo.

Ya pili haikuwa na matangazo, ila ilitaka mtandao. Kwetu mtandao unapatikana ukisimama karibu na ua wa mbele, nyuma ya jiko hakuna kitu. Ilizunguka tu. Ya tatu ilianza kwa kuomba ruhusa ya kusoma majina ya watu niliowahifadhi kwenye simu. Nikajiuliza nyota zina shida gani na wateja wangu, nikaifuta. Ya nne ilikuwa inasoma majina kwa sauti, nami nikadhani hiyo ndiyo itamfaa. Ilisema kwa Kiingereza cha puani.

"Anasema nini huyo?" mama akauliza.

"Anasema Zuhura."

"Mbona hasemi Zuhura?"

Kati ya Jumamosi na Jumamosi nilikuwa najaribu mwenyewe, uani kwangu Bunda, mara tu baada ya kufunga saluni. Nilianza kujua vitu ambavyo sikuwahi kuvijali. Nilijua kwamba zile picha za watu wenye mishale na wanyama wanaochorwa juu ya nyota zinaweza kuzimwa. Nilijua kwamba nyota ninayoitafuta si nyota, ni sayari, na kwamba kuna miezi ambamo inahamia alfajiri, jioni haionekani kabisa. Kumbe ndiyo maana kuna Jumamosi mama alikuwa anasimama pale nyuma ya jiko muda mrefu, sisi tunalalamika, mpaka ipatikane nyingine. Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo, nilikifahamu tangu utoto, nikakikuta kimeandikwa kwa jina la kigeni, nikasikitika kidogo, kama umemkuta ndugu yako anaitwa vingine kazini kwake.

Lakini simu yangu ilikuwa inanidanganya. Nikielekeza magharibi, kioo kinaonyesha mashariki, kisha anga lote linatetemeka na kuruka. Fundi simu mmoja hapo mjini aliishika, akaizungusha hewani, akanirudishia.

"Haina sensa, kile kidude cha kujua inavyogeuka, dada. Hata uweke programu gani. Na hili kava lako lina sumaku, linaivuruga dira."

Nilimweleza mume wangu jioni, si kwa kuomba, nilikuwa namsimulia tu. Akatoa laini yake kwenye simu yake, akanipa simu hiyo.

"Chukua hii. Mimi napiga na kupokea tu."

Kwenye simu ile ndipo nilipopata iliyonifaa. Haikuwa nzuri kwa kutazama. Ilifanya kazi bila mtandao, iliniruhusu niandike mwenyewe kwamba niko Musoma, haikuwa na matangazo, na nikiandika jina la ninachokitafuta ilileta mshale wa kunipeleka mpaka nikifikie. Ilikuwa pia na namna ya usiku, kioo chote kinakuwa chekundu ili macho yasiharibiwe na mwanga. Nilipomwekea mama ule wekundu akaniambia simu imezimika. Kwa hiyo nikaurudisha mwanga mweupe, nikauongeza mpaka mwisho, ingawa kwa mwanga ule hata mimi nilipoteza nyota ndogo zote. Zuhura niliikuza kwenye kioo mpaka ikawa kubwa kama punje ya mahindi.

Mama aligusa kioo kwa kidole. "Hii ndiyo yenyewe?"

"Hapana, hii ni picha. Yenyewe iko huku huku, nyuma ya simu. Ngoja."

Nikasimama nyuma yake, nikamshika kichwa kwa mikono miwili, nikakigeuza taratibu, nikakiinua kidogo. Wifi akashika simu mbele kama alama, kisha akaiteremsha. Nilikuwa nasikia mawimbi, na huko chini watu wanaoanika dagaa wakiitana.

"Naiona," akasema. "Imetoka."

Tukaimba. Wifi aliimba sauti ya pili ambayo alikuwa hajaiimba tangu kaka afariki.

Tulifanya hivyo Jumamosi nyingi. Saluni nilikuwa naifunga Ijumaa mchana, wateja wakanizoea. Kila mara nilimshika kichwa, kila mara alisema "naiona," na njia nzima ya kurudi Bunda nilikuwa mwepesi. Daktari alisema kitundu kinapungua. Nikasema moyoni kwamba madaktari wana mashine zao na sisi tuna yetu.

Kisha ikaja Jumamosi ya mawingu. Mchana kutwa ziwa lilikuwa na rangi ya bati, na jioni wingu likapanda kutoka majini likafunika kila kitu, hakuna hata ufa. Mimi nilikuwa nimeshafungua programu kwa mazoea. Programu zile hazijui mawingu. Kwenye kioo Zuhura ilikuwa inang'aa mahali pake kama kawaida. Nilikuwa nataka kumwambia mama kwamba leo haipo, tusubiri kidogo au tuombe tu. Kabla sijafungua mdomo, yeye mwenyewe akainua uso, akautuliza upande ule niliomzoesha.

"Naiona," akasema. "Imetoka."

Wifi aliniangalia. Mimi nikaangalia wingu. Tone la kwanza la mvua likanipiga mkononi, na nadhani lilimpiga mama pia, kwa sababu aliusogeza uso wake kidogo. Kisha akaanzisha wimbo kwa haraka. Tulimalizia wimbo ndani, mvua inapiga bati, hakuna anayemsikia mwenzake.

Sikumwuliza. Nilirudi Bunda, na Ijumaa iliyofuata nilikwenda tena kama kawaida, na simu mkobani. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anachambua mchele kwa vidole, anapapasa punje kama anayesoma. Akasikia hatua zangu, akaniambia nikae.

"Mwanangu, hiyo simu usiwe unaileta tena."

"Kwa nini, mama?"

"Mpe mumeo simu yake."

Akaendelea kuchambua.

"Ile siku ya kwanza niliona kitu cheupe," akasema. "Sijui kama ni nyota au ni simu. Baada ya hapo sikuona tena."

"Sasa mbona ulikuwa unasema unaiona?"

"Ulikuwa umenishika kichwa. Nilikuwa nasikia unavyohema nyuma yangu, unangoja. Na huyu mwenzako alikuwa ameanza kuimba. Ningesema nini?"

Nililia pale pale kwenye mkeka, na yeye akaniacha nilie. Hakunishika wala hakunibembeleza. Alisubiri, kisha akaniambia nichemshe maji, wageni wa kanisani wanakuja. Kesho yake jioni hakusimama nyuma ya jiko. Wifi ndiye aliyetoka, akarudi, akasema imetoka, na mama akaitika "haya" kama anayeambiwa maziwa yamechemka. Tangu hapo imekuwa hivyo. Mwaka haukuisha kitundu nacho kikafungika. Siku hizi anatofautisha mchana na usiku kwa joto usoni na kwa vyura.

Tulipompeleka Musoma mara ya mwisho, daktari alimpima, akaandika, kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe umewahi kupimwa?"

"Mimi naona vizuri."

"Hata yeye alikuwa anaona vizuri. Kaa hapa."

Nikaweka kidevu mahali alipokuwa ameweka chake. Vitaa vikaanza kuwaka, vidogo sana, na mimi nikabonyeza. Kuna wakati nilijua kabisa kwamba kimetokea kitaa na sijakiona, kwa sababu kitufe changu kilikuwa kimya kupita kiasi. Mama alikuwa amekaa nyuma yangu kwenye benchi, anasikiliza kitufe.

Jicho la kushoto limeanza. Si sana, daktari alisema, na tumeliwahi, nikiweka dawa kila siku huenda nikazeeka nalo. Programu ile bado ninayo, mume wangu alikataa kurudishiwa simu. Siku nyingine nikifunga saluni nasimama uani, naiacha inionyeshe Kilimia, kisha nakifunika kioo kwa kanga, nafumba jicho la kulia na kutazama kwa hili lingine. Nyota za Kilimia ni hafifu, hata mtu mwenye macho mazima hazioni zote. Kwa hiyo sijui. Nikizikosa sijui kama ni mimi au ni taa za Bunda. Mume wangu akitoka kuniita nasema nakuja.

Kwa mama sikutaka kusema, lakini wiki chache baadaye nililala kwake na chupa ya dawa ilidondoka mezani. Alitambua mlio wake.

"Hiyo ni ya kwangu?"

"Hapana, mama. Ni ya kwangu."

Nilimwona uso unashuka, kila kitu kikashuka, mashavu na mdomo, akawa bibi mzee kabisa mbele yangu. Kisha akanyoosha kiganja.

"Jicho lipi?"

"La kushoto."

"Lala hapa."

Nikalaza kichwa mapajani kwake. Akanipapasa uso kuanzia kwenye nywele, akashuka mpaka kwenye nyusi, akalipata jicho, akavuta kope ya chini kwa kidole gumba. Mkono wake ulinukia kitunguu. Tone la kwanza lilianguka shavuni.

"Limeingia?"

"Halijaingia, mama."

"Usipepese," akasema, akashika kope tena.