Kidole Ambacho Sikuweza Kunakili

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja kasorobo, na ofisi zilifunguliwa saa mbili. Nilikuwa nimetoka kwetu Karurumo, upande wa Embu, jana yake, na mara tatu njiani nilifungua bahasha kuona kama vyeti vyangu bado vimo. Nilipovihesabu tena mlangoni, mlinzi aliniuliza kama nimekuja kuajiriwa au kuuza karatasi. Ilikuwa miaka ya sabini, watu wazima wakizungumza habari za uhuru kama jambo la juzi, na mimi nilikuwa nimeajiriwa karani wa chini katika masjala ya baraza la mji wa Meru.

Masjala, kwa ninyi mliozaliwa na kompyuta, ni chumba ambamo kila barua ya ofisi huingia, hupewa nambari, na hutoka kwa ruhusa tu. Chetu kilikuwa na madirisha mawili, rafu hadi darini, na baridi ya Julai iliyofanya wino ugome. Aliyekitawala alikuwa Mkuu wa Masjala, mzee mfupi mwenye sweta ya kijani, ambaye hakuwahi kuinua sauti. Alinionyesha meza yangu, akaniambia neno moja tu la kazi.

"Ukikosea, niambie siku hiyo hiyo. Ukinificha nitajua, na nitakuwa nimekasirika mara mbili."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Barua ikifika inapigwa mhuri wa tarehe, inaandikwa katika daftari la barua zinazoingia, kisha inapewa folio, yaani nambari ya ukurasa ndani ya faili, iliyoandikwa kwa wino mwekundu kwenye pembe ya juu. Faili ikitoka kwenda kwa afisa, mahali pake kwenye rafu panawekwa kadi inayosema imekwenda kwa nani na lini. Ikifika folio mia moja inafungwa, na juzuu ya pili inafunguliwa. Hakuna kilichokuwa kigumu. Kilichokuwa kigumu ni mimi.

Naomba niseme wazi, kwa sababu nimechelewa sana kusema. Sikuwa nimesomea kazi ile. Nilijifundisha kwa kitabu cha zamani cha utunzaji wa nyaraka kilichokosa jalada, nikakisoma wakati wa chakula cha mchana huku kamusi ikiwa magotini. Kwa kuwa sikuwa na cheti cha kazi, niliogopa kila siku kwamba mtu atagundua. Basi nikaamua kutokosea kabisa. Karatasi ikiwa na kona iliyokunjwa niliinyoosha kwa rula. Kadi ikiwa na kosa moja niliiandika upya yote. Jioni nikifika mtaa wa Makutano, njiani kwenda nyumbani, niligeuka na kurudi ofisini kutazama kama nimefunga mlango, na siku nyingine nilirudi mara mbili. Makarani wenzangu waliniita Madam Folio. Mimi nikiongea Kiembu nao Kimeru, tulielewana nusu, na nusu iliyobaki tuliimalizia kwa Kiswahili na kwa kunicheka.

Aliyeumia zaidi alikuwa tarishi wetu, Mutuma. Tarishi ndiye aliyebeba faili kutoka ofisi moja hadi nyingine. Nilimrudisha kwa sababu kamba ya faili ilikuwa imefungwa upande. Nilimrudisha kwa sababu faili mbili zilipishana kidogo mkononi. Hakujibu. Alirudi, akafunga, akaleta tena.

Mwaka wangu wa pili, Mkuu wa Masjala alichukua likizo ya mwezi mzima kwenda kuchuma kahawa yake, akaniacha mimi kaimu. Katika rafu ya chini palikuwa na rejista ya vibanda vya soko, kitabu kikubwa kilichoanzishwa soko lilipofunguliwa. Kila mstari ulikuwa na namba ya kibanda, jina la mwenyewe, na sahihi yake. Asiyejua kuandika aliweka alama ya kidole gumba. Kilikuwa kitabu kibaya. Panya walikuwa wamekula pembe, maji yalikuwa yameingia, na makarani wanne walikuwa wamekiandika kwa hati nne. Sikuweza kukitazama.

Nikanunua kitabu kipya na kuanza kunakili. Niliandika kila siku mchana, mistari kwa rula, herufi zikisimama kama watoto wa shule asubuhi. Nilinakili majina na namba na tarehe. Nilipofika palipo na alama ya kidole, niliandika: alama ya kidole. Nilipomaliza nilikaa nikikitazama kile kitabu kipya kama mtu anavyotazama mtoto wake.

Sasa ikabaki ile ya zamani. Karatasi za ofisi hazitupwi hivi hivi. Kuna Daftari la Kuteketeza, ambamo unaorodhesha kinachochomwa na sababu yake, na watu watatu hutia sahihi: mkuu wa masjala, afisa wa idara yenye karatasi hizo, na Karani wa Mji mwenyewe, aliyekuwa mkubwa wa ofisi zote. Nikaiweka rejista ile katika orodha pamoja na risiti za zamani. Sababu niliandika: imechakaa, ipo nakala safi. Nikatia sahihi yangu. Afisa wa Masoko alitia yake huku akizungumza na simu, hakusoma. Karani wa Mji alikuwa Nairobi kwa mkutano.

Hapa ndipo nilipokosea, na nilijua. Nilitaka Mkuu akirudi akute rafu safi. Nikampa Mutuma magunia mawili siku ya Ijumaa apeleke kwenye tanuri lililokuwa nyuma ya kichinjio, nikiwaza kwamba sahihi ya tatu nitaiomba Jumatatu. Jumatatu nikaona aibu kuomba ruhusa ya kuchoma kitu kilichokwisha kuchomwa. Nikalifunga daftari, nikaliweka chini kabisa ya droo.

Mkuu alirudi, akasema masjala inapendeza. Nilifurahi kwa wiki mbili.

Kisha ikaja kesi ya kibanda namba kumi na tisa. Kibanda hicho kilikuwa cha Mama Karimi, mwanamke wa Kianjai aliyeuza ndizi na ndengu, ambaye alikuwepo tangu siku soko lilipofunguliwa. Mfanyabiashara mmoja mwenye lori alileta barua kwamba kibanda kile ni chake, kwamba yeye ndiye aliyegawiwa, na mama yule alikuwa mpangaji tu. Barua yake ilikuwa na mhuri. Mama Karimi hakuwa na karatasi yoyote. Yake ililowa miaka mingi iliyopita. Watoto wake watano walisomeshwa na kibanda kile. Kamati ya masoko ingekaa Alhamisi kuamua.

Jumatatu Karani wa Mji aliniita. Alikuwa mtu mrefu, mwenye adabu ya kutisha. Nikamwekea mezani rejista yangu mpya, wazi kwenye mstari wa kumi na tisa.

"Hati nzuri," alisema. "Ni yako?"

"Ndiyo, bwana."

Akaweka kidole chake juu ya maneno yangu matatu. "Mimi naona umeniandikia kwamba kuna kidole. Kidole chenyewe kiko wapi?"

Alieleza polepole, kama mtu anayemfundisha jirani, kwamba yule bwana wa lori atasema karani yeyote anaweza kuandika jina lolote katika kitabu kipya, na atakuwa na haki kusema hivyo. Akaniambia nilete ile ya zamani Alhamisi. Nikasema ndiyo, bwana. Mpaka leo sijui ule ulimi ulikuwa wa nani.

Jumanne nilikwenda kwenye tanuri. Nilikuta majivu, na katikati ya majivu vipande vya chuma, vile vinavyofungia kamba za faili. Mtu wa tanuri aliniambia karatasi za baraza huchomwa kila Ijumaa, nyingi, hawezi kujua za nani. Nikarudi ofisini na majivu viatuni, na nilipofika nikamkuta Mama Karimi kwenye kaunta.

Aliniuliza kama ni mimi ninayetunza kitabu cha soko. Nikasema ni mimi.

"Basi sina wasiwasi, mwari," akasema. Mwari kwao, kama kwetu, ni binti. "Nimesikia wewe hutaki hata kona ya karatasi ikunjwe."

Aliniachia mkungu mdogo wa ndizi. Sikuweza kula hata moja.

Jumatano asubuhi, kabla ya makarani wengine kufika, nilisimama mbele ya meza ya Mkuu wa Masjala na kumwambia yote. Nilimwambia kuhusu kunakili, na magunia, na Jumatatu ile ya aibu, na kwamba sikuwahi kusomea kazi hii. Nililia, na nilijichukia kwa kulia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika hata mara moja, sembuse mbili. Nadhani aliona nimekwisha kujikasirikia vya kutosha. Aliomba Daftari la Kuteketeza. Nikalitoa chini ya droo. Aliangalia ukurasa, akaona sahihi mbili na mstari mtupu, akamwita Mutuma.

"Mutuma, magunia ya mwezi uliopita yaliyotoka hapa Ijumaa. Ulipeleka wapi?"

Mutuma alinitazama mimi kwanza, kisha akamtazama Mkuu. "Sikupeleka, mzee. Daftari lilikuwa wazi mezani, na sahihi zilikuwa mbili."

"Nani alikuambia uangalie sahihi?"

"Wewe, mzee, mwaka ule niliingia. Mimi sisomi sana, lakini kuhesabu mpaka tatu najua."

Magunia yalikuwa stoo, nyuma ya masanduku ya kupigia kura, yamefungwa vile vile nilivyoyafunga mimi. Mkuu alimwuliza kwa nini hakuniambia. Mutuma alijikuna shingo. Alisema alikuwa amefikiria kuniambia, lakini alijua nitamrudisha.

"Na magunia yenyewe yalikuwa mazito," aliongeza.

Sikungoja mtu mwingine. Nilipiga magoti stoo na kufungua gunia la kwanza, halafu la pili, na chini ya risiti, ile rejista mbaya ilikuwa pale, na pembe zake zilizoliwa na panya. Nilifungua mstari wa kumi na tisa. Kidole kilikuwepo. Nilikaa sakafuni. Mutuma alisimama mlangoni ili watu wasinione, na hilo nalo sikuwahi kumshukuru ipasavyo.

Alhamisi nilibeba kitabu mwenyewe mpaka kwenye kamati. Mwenyekiti aliomba wino wa mhuri, akamwambia Mama Karimi aweke kidole gumba kwenye karatasi nyeupe. Haikuhitaji mtaalamu. Kidole chake kilikuwa na kovu lililokikata kwa mshazari, la panga la utotoni, na kovu lile lile lilikuwa katika rejista, mstari mweupe ukipita katikati ya wino wa zamani. Wajumbe walipokezana kutazama. Yule bwana wa lori alitazama pia, kisha akauliza kama mkutano utaendelea sana kwa sababu ana mzigo unaomngoja. Kibanda kikabaki cha Mama Karimi.

Sikufukuzwa. Mkuu alinipa adhabu moja: niandike kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu changu kizuri neno NAKALA, kwa wino mwekundu, kwa hati kubwa, hata kama lingeharibu sura yake. Liliharibu. Kisha akanituma kwa miezi mitatu kushona na kukausha rejista za zamani, bila kubadilisha herufi. Nilijifunza kwamba kitabu kibaya kina haki ya kubaki kibaya. Doa, hati nne, wino uliofifia, vyote ni sehemu ya ushahidi. Kazi yetu ni kukilinda, na kumwonyesha anayekihitaji mahali kilipo.

Baadaye nilihamishiwa upande wa Embu kwa miaka sita, chini ya Mkuu wa Masjala aliyevuta sigara katikati ya faili na kunipunguzia miaka ya kuishi. Nilirudi Meru nikiwa naibu, kisha mkuu. Makarani wapya niliwapokea na maneno yale ya kwanza niliyoambiwa, na niliongeza yangu: mkimwona tarishi amenyamaza, mwulizeni. Mutuma alistaafu kabla yangu. Kwenye sherehe yake sikuweza kusema alivyoniokoa, kwa sababu siri ilikuwa yangu na Mkuu alikuwa ameifunga. Nilisema tu kwamba alihesabu vizuri. Yeye peke yake ndiye aliyecheka.

Miaka yangu ya mwisho ofisini walikuja vijana na skana, wakaanza kupiga picha kila ukurasa. Walikuwa wazuri, safi kupita mimi. Siku moja msichana mmoja aliniuliza kama wakimaliza wanaweza kuondoa makaratasi ili chumba kipumue. Niliona mikono yake ikinyoosha kona ya karatasi kwa kucha. Nilimwambia apige picha zote, na asiondoe hata moja mpaka sahihi ya tatu iwepo, na baada ya hapo pia afikirie tena. Hakuelewa kwa nini nilimshika bega.

Nilipostaafu nilikuwa na jambo moja lililobaki. Nilikwenda sokoni, kibanda namba kumi na tisa. Binti yake ndiye anayeuza sasa, lakini Mama Karimi huletwa kila siku ya soko na kukaa kwenye kiti nyuma ya ndengu. Nikainama na kumwambia, kwa sauti ya chini, kwamba wiki ile ya kesi mimi ndiye niliyekuwa nimekitia kitabu chake kwenye gunia la kuchomwa.

Alinikazia macho mpaka nikaanza kutazama viatu vyangu. Kisha akamwita jirani wa kibanda cha pili.

"Kuja usikie huyu. Mwari, rudia."

Nikarudia. Jirani akashika kiuno, akamwita mwuza viazi. Nikarudia tena, na safari hii, nilipofika mahali pa Mutuma na kuhesabu kwake, nilishindwa kumaliza kwa kicheko changu mwenyewe. Mama Karimi alikuwa akijipangusa machozi kwa kidole kile chenye kovu.

Nikihesabu zile tatu za sokoni, hii ninayowaandikia ni mara ya nne.