Siku Karmnu Alipokataa Sungura

Upepo wa kusini ulikuwa umevuma kwa siku ya tatu mfululizo, ule wa Agosti unaotoka upande wa jangwa ukachota unyevu baharini, na Karmnu Zerafa aliamka na koo kavu na moyo usiotulia. Alikuwa na miaka sabini na miwili. Arobaini na sita kati ya hiyo aliimaliza kwenye mawe, kwanza machimboni, kisha juu ya kuta za watu, mpaka magoti yakagoma. Siku kama ile angekaa ndani kwake Qrendi, kijiji cha kusini mwa Malta, na madirisha yamefungwa. Lakini mdogo wake Salvina alikuwa amekuja kutoka Melbourne baada ya miaka kumi na tisa, na Salvina alitaka kwenda Valletta.

"Kutembea tu, kaka. Kutembea na kula. Huko kwangu sungura nampata kwenye friji, mgumu kama tofali."

"Kwa joto hili hata sungura mwenyewe hatoki shimoni."

"Vaa viatu, mzee, basi linakuja."

Salvina alikuwa mwalimu mstaafu, na alitembea mjini kama anayekagua daftari. Kwenye geti la mji alinunua pastizzi nne, zile sambusa za jibini, akala tatu wima huku makombo yakimwangukia kifuani. Kanisani walitembea juu ya makaburi ya mashujaa, sakafu nzima mifupa iliyochongwa kwa marumaru za rangi, na Salvina akacheka kwamba mmoja alikuwa na meno kama ya shangazi yao. Karmnu hakucheka. Jasho lilimkauka mgongoni, likamtoka tena. Hakujua nini kinamsumbua. Angani hapakuwa na wingu wala buluu, weupe tu, na kutoka vijijini fataki za sikukuu ya mtakatifu fulani zililia moja moja, kavu, kama milango inayobamizwa.

Saa sita walikuwa bustanini juu ya bandari, pamoja na mamia ya wageni, mzinga wa kutangaza adhuhuri ulipopigwa. Watu walipiga makofi. Karmnu alijikuta ameshika ukingo wa ukuta kwa mikono miwili.

"Unaumwa?" dada yake aliuliza.

"Njaa," alidanganya.

Mkahawa aliuchagua Salvina. Ulikuwa chini ya nyumba ya ghorofa tatu, za juu hazikaliwi, kwenye mtaa wa ngazi, meza nane, vitambaa vya miraba, harufu ya sungura, kitunguu saumu na divai. Mwenyewe aliitwa Filumena, mwanamke mfupi mwenye mikono minene, na jikoni alikuwepo mumewe, Twanny. Nyumba ya jirani haikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na uzio wa mabati, na nyuma ya mabati, ndani ya shimo, katapila lilikuwa likigonga mwamba.

"Samahani kwa kelele, wapenzi wangu," Filumena alisema. "Wanajenga hoteli. Miezi mitatu sasa. Ingieni, ingieni." Akausukuma mlango kwa bega ndipo ukafunguka. "Na huu nao unavimba kwa unyevu."

Karmnu aliutazama ule mlango. Ulikuwa wa aluminiamu. Aluminiamu haivimbi.

Walipewa meza kando ya ukuta wa upande wa shimo. Salvina aliagiza sungura wa wawili, mkate na zeituni. Karmnu aliangalia juu. Kutoka pembe ya dari mpaka usawa wa bega lake ulishuka ufa mwembamba, haukufuata maungio ya mawe bali ulipita katikati ya mawe yenyewe. Ufa wa zamani hukusanya moshi na vumbi, ukawa kijivu. Huu kingo zake zilikuwa nyeupe kama mkate uliokatwa sasa hivi.

"Mama," alimwita Filumena, "huu ufa wa lini?"

"Huo? Mhandisi wao ameshauona. Amesema ni plasta."

"Hapa hapana plasta. Hili ni jiwe."

"Baba, mimi napika, sijengi," alisema akicheka, akaenda kuhudumia meza nyingine.

"Umeanza," Salvina alinong'ona. "Kila tunapokwenda unapapasa kuta za watu."

Sungura alikuja, anafuka mvuke, mchuzi mwekundu umemzunguka. Na wakati huohuo, upande wa pili, wachimbaji wakaenda kula. Katapila likanyamaza.

Katika ukimya ule Karmnu aliusikia. Mlio mdogo, kama mtu anayevunja njugu kwa meno. Ukakoma. Ukaja tena, chini zaidi. Aliweka kiganja ukutani na kukiacha hapo. Chembe za mawe zilianguka kwenye kitambaa cha meza, mbili, kisha tano.

Mlio ule alikuwa ameusikia mara moja tu maishani. Mwaka sabini na tatu, wakiwa wanatengeneza tao la nyumba moja kule Żebbuġ. Asubuhi ile msimamizi alikuwa amemwita mwoga mbele ya wenzake, na jiwe lilipoanza kulia, Karmnu aliuma ulimi ili asiitwe tena. Leli Bonniċi, mwashi mwenzake, alikuwa chini ya tao lilipoanguka, na alikuwa na miaka ishirini na miwili. Karmnu hakuwahi kumwambia mtu kwamba alisikia.

Aliisukuma mbali sahani.

"Salvina, chukua mkoba wako." Kisha akasimama. "Jamani! Tokeni nje. Wote. Sasa hivi."

Vijiko vilisimama. Mwanamume mmoja mnene, leso imening'inia shingoni, akasema, "Mzee, divai imekukolea?" Meza mbili zikacheka.

"Nyumba inaanguka. Naisikia."

"Kaka, kaa chini, unanitia aibu," Salvina alisema. Lakini alimtazama usoni, na alichokiona hapo hakuwa amekiona tangu siku ya maziko ya mama yao. Alisimama. Kwa miaka thelathini alikuwa amenyamazisha madarasa ya watoto arobaini, na sauti ile bado alikuwa nayo.

"Inukeni! Acheni mikoba! Wewe mwenye leso, mshike huyo bibi mkono. Tembea, usikimbie. Nje!"

Wakatoka. Watu ishirini na kitu walijipanga kwenye ngazi juani, wengine wamekasirika, wengine wanapiga picha. Filumena alitoka wa mwisho akimvuta Twanny, ambaye bado alikuwa na mwiko mkononi.

Zikapita dakika tano. Nyumba ilisimama, balkoni zake za mbao zimenyamaza. Zikapita nane.

"Naona imeahirisha," alisema mwenye leso, na safari hii karibu wote wakacheka.

"Baba, wewe ni nani hasa?" Filumena aliuliza, macho yanamwaka. "Unaniharibia mchana wangu kwa sababu ya nini?"

"Nilikuwa mwashi, mama. Piga simu zimamoto. Nakuomba tu hilo."

"Sufuria inaungua," Twanny alisema. "Nazima gesi narudi."

"Usiingie!"

"Dakika moja, mzee."

Karmnu alimfuata. Magoti yake yalimruhusu ngazi tatu. Alimshika aproni, kamba ikafunguka, akabaki na aproni mkononi. Twanny akasukuma mlango kwa bega, akatokomea ndani.

Haikuwa kishindo mwanzoni. Ilikuwa kama kupumua, pumzi ndefu, kisha ukuta wa upande wa shimo ukateremka umesimama vilevile, ghorofa juu ya ghorofa, na vumbi jeupe likapanda mtaani likafuta jua. Mtu alikuwa anapiga kelele. Mwenye leso alikuwa amepiga magoti.

Twanny walimtoa baada ya saa mbili. Jikoni kulikuwa upande wa mbali, na boriti moja ilikuwa imeegemea jiko juu yake. Aliishi. Mguu wa kushoto walimkata chini ya goti usiku uleule.

Kabla machela haijaondoka, Filumena alimwendea Karmnu, uso mweupe kwa vumbi, akamkamata shati.

"Ulijua," alisema. "Kama ulijua, mbona ulimwacha aingie?"

Karmnu alimpa aproni.

Kwenye basi la kurudi alimweleza Salvina habari za Leli, yote, tangu neno la msimamizi. Salvina alisikiliza akitazama mashamba makavu.

"Miaka yote hii," alisema hatimaye. "Ungeniambia."

"Ungefanya nini?"

Alifikiri. "Hakuna. Lakini ungekuwa umeniambia."

Septemba, Salvina akiwa ameshaondoka, simu zilianza. Watu wa mtaa ule, kisha wa mitaa mingine, kila palipochimbwa shimo. Mzee, njoo ushike ukuta wetu. Alikwenda, kwa basi, na kofia yake. Wenye nyumba mbili za kwanza aliwaambia walale kwa amani. Kwenye ya tatu alikaa muda mrefu na kiganja ukutani, macho ameyafumba, huku upande wa pili mashine inagonga. Kisha akamgeukia mwenye nyumba na kumwuliza kwa upole watoto wanalala chumba kipi.