Jumatatu Sita za Mzee Levi

Mimi si mtu wa mizuka. Nimelelewa hatua hamsini kutoka msikitini hapa Bungoma mjini, nimezika baba, nimezika mume, na sijawahi kuona kivuli kisicho na mwenyewe. Kwa hivyo nikisimulia haya ya mzee Levi, msinitolee macho. Nasema niliyoyasikia kwa masikio haya mawili, saa nne asubuhi, jua likiwaka.

Naitwa Khairunisa, ila hapa hosteli wote wananiita Mama Huzaifa. Nasimamia nyumba ya ghorofa tatu yenye wasichana tisini na sita wa chuo, na ngazi ni moja tu. Moto ukianzia chini, hakuna pa kupitia. Na hao wasichana hawasikii: huyu anaficha jiko la umeme chini ya kitanda, yule anaacha pasi inawaka ili akapige picha. Ndiyo sababu mwenye nyumba aliweka pampu ya moto ya dizeli nyuma ya jengo. Stima yetu tunaijua, moto ukija yenyewe ndiyo ya kwanza kukimbia.

Pampu ya dizeli inanguruma kama trekta, na ukuta wetu umepakana na msikiti. Ikabidi ifungiwe ndani ya kabati la chuma, kubwa kama kioski, lililobandikwa sponji nene kila upande. Mlango ukifungwa, kinachotoka nje ni sauti ya paka aliyeshiba. Wazee wa msikiti walifurahi, nami nikafurahi, nikasahau kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Aliyeilea pampu hiyo ni mzee Levi wa Kabuchai. Ujana wake wote aliumalizia Kitale, kwenye kiwanda cha kusaga mahindi, na kelele za mashine zikamla sikio la kushoto. Alipostaafu alirudi nyumbani kulima miwa. Kila Jumatatu alikuja kwa baiskeli na mkoba wake wa ngozi, ndani yake spana, bisibisi ndefu, na viazi vitamu viwili vimefungwa kwa gazeti. Anaiwasha pampu nusu saa. Anaegemeza ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini nyuma ya lile sikio zima, anafunga macho, anasikiliza. Akimaliza anafunga kabati na kubisha mlango wake mara tatu kwa spana. Ko, ko, ko. Hapo najua kazi imeisha, nipeleke chai.

Miaka tisa tulikaa hivyo. Nadhani alikuwa na maneno kumi kwa wiki, na manane yalikuwa ya kushukuru chai. Mimi naongea hata nikiwa usingizini, kwa hivyo alinishinda kabisa.

Mwezi wa saba, Jumamosi moja, alikuja siku isiyo yake. Akashinda nyuma huko, kisha akasimama kwenye mlango wa ofisi, kofia mkononi, anataka kusema jambo. Nilikuwa nagombana na mwanamume aliyeniletea magodoro yaliyooza, damu imenipanda kichwani. Nilimkatiza mzee, akaondoka. Kesho yake, Jumapili, alianguka shambani na hakuamka tena. Tulimzika Kabuchai. Nilimlilia, wallahi, nikarudi kazini.

Jumatatu baada ya mazishi niliamua kuwasha pampu mwenyewe. Mkaguzi wa moto akija anataka kuona daftari limejazwa kila wiki, na swichi iko nje ya kabati, kuibonyeza hakuhitaji digrii. Injini ikaitika. Halafu nikasikia mtu anabisha ndani ya kabati. Ko. Ko, ko. Bila mpango, kama mtu anayepapasa mlango gizani. Dakika ya nane injini ikazima.

Kabati lina kufuli, na ufunguo ni mmoja, nao haubanduki kiunoni mwangu; hata mzee nilikuwa namfungulia mimi. Nilifungua. Hakukuwa na kitu ila joto na harufu ya dizeli. Lakini ule mkono mdogo wa kuzimia injini, ambao lazima uuvute kwa vidole, ulikuwa umevutwa juu. Nikajiambia ni mtetemo. Nikaurudisha, nikaandika "imewaka", nikaenda zangu.

Jumatatu ya pili ikawa vile vile: kubisha, dakika ya nane, kimya, mkono umevutwa. Ya tatu hivyo hivyo. Ya nne, Kipketer, soja wetu wa getini, akakataa kupita nyuma ya nyumba hata mchana. Akaniambia, "Mama, mzee bado anakuja kazi." Nilimfokea mpaka akarudi nyuma. Lakini siku hiyo hiyo nilikihamisha kiti changu kutoka kwenye dirisha linalotazama kabati. Niliogopa, na sioni haya kusema.

Nilipofikisha tano nilimpigia simu Wabwile wa Kitale. Ni fundi wa pampu, mzee Levi ndiye aliyemfundisha kule kiwandani. Akafika Jumatatu ya sita.

Yeye aliiwasha mlango wa kabati ukiwa wazi, na sauti ikageuka. Haikuwa kubisha tena, ilikuwa kokoto. Kama mtu anamwaga kokoto ndani ya chuma, bila kukoma. Wabwile akanieleza kwamba sponji ilikuwa inameza sauti zote ndogo na kuniachia zile kubwa tu. Akaegemeza bisibisi yake kwenye injini: nzima. Kwenye beringi: nzima. Alipoigusisha kwenye tumbo la pampu, alitoa kichwa haraka. Alisema pampu inalala njaa, haipati maji, inavuta hewa na kujitafuna yenyewe. Moto ukitokea leo, juu hakutafika hata kikombe.

Tulikuwa tumeinamia geji ya kupimia nguvu ya maji, sindano inatetemeka, injini ikazima. Dakika ya nane. Tukageuka wote wawili. Mkono wa kuzimia uko juu.

"Nani amezima?" akauliza.

Nikamwambia hujizima kila mara. Akanitazama, jasho linamtoka puani.

"Mama, injini ya pampu ya moto haijizimi. Hata ikiungua inaendelea mpaka ife, kwa sababu watu wako juu. Hiyo lazima izimwe na mtu."

Wabwile alifuata bomba mpaka kwenye tangi. Hapo akaipata: valvu ya kuleta maji imefungwa, na usukani wake, lile gurudumu la kuizungushia, haupo, kumebaki kijiti kitupu cha chuma. Nikamwambia basi azungushe kwa spana, tumalize. Akakataa. Kwao mafundi, mtu akifunga valvu na kuondoka na usukani, ana sababu yake, na hakuna anayeigusa mpaka aliyefunga aulizwe.

Nikamwambia aliyefunga tumemzika.

"Basi twende tumuulize," akasema, na hakuwa anacheka.

Mchana huo tulikuwa Kabuchai kwa mjane wake, mama Peris. Mkoba wa ngozi ulikuwa unaning'inia kwenye msumari sebuleni. Haujafunguliwa. Mtoto wa kwanza hajarudi kutoka ng'ambo, wazee hawajakaa kugawa vitu vya marehemu, na kabla ya hapo hakuna mkono unaoingia humo. Nilitaka kusema neno, nikauma ulimi. Wabwile ndiye aliyemweleza habari ya usukani na wasichana tisini na sita.

Mama Peris akasema, "Vyake havitaguswa. Lakini hicho ni cha watoto wa watu. Toa hicho peke yake." Kisha akaongeza, bila kututazama, kwamba mkoba huo huanguka kutoka kwenye msumari kila Jumatatu asubuhi. Ameuning'iniza mara sita. Alidhani ni panya.

Usukani ulikuwa ndani, umefungwa kwa gazeti kama viazi. Juu ya gazeti, kwa kalamu yake, mzee alikuwa ameandika: *Nimefunga maji. Bolti za bomba chini ya sakafu ya kabati nimelegeza. Msiwashe, msifungue, mpaka nirudi na gasketi.* Tungeifungua ile valvu kwa spana, tangi lote lingemwagika chini, tubaki na nyumba kavu. Nami nilikuwa nimeiwasha Jumatatu tano, na ya sita nikamwita mtu aiwashe.

Kesho yake Wabwile aling'oa bati la sakafu, akaweka gasketi mpya, ile raba ya kuziba maungio ya bomba, akakaza bolti, akarudisha usukani na kuyafungulia maji. Akawasha. Ilinguruma laini. Dakika ya nane nilishika ukuta. Ikapita. Ya tisa ikapita. Maji yakapanda mpaka ghorofa ya tatu na wasichana wakamwagiana kwenye baraza, na kwa mara ya kwanza sikuwagombeza. Nusu saa kamili, Wabwile akauvuta ule mkono kwa vidole vyake, akafunga kabati. Bila kujua nilibaki nimesimama, nangoja kubishwa mara tatu. Hakuna aliyebisha. Hapo ndipo nililia kilio ambacho sikulia makaburini.

Wabwile alikuwa anafuta mikono. Akasema jambo moja linamsumbua: mwalimu wake hakuwa mtu wa kuondoka na usukani bila kuwaambia wenye nyumba. Lazima alimwambia mtu. Nani?

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nikamwambia. Jumamosi ile mzee alikuwa ameshaanza, "Mama Huzaifa, hiyo pampu..." nami nikamwinulia mkono mbele ya yule mtu wa magodoro.

"Mzee, niache na pampu yako. Tutaongea Jumatatu."

Akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake. Na Jumatatu akaja.