Matroni wa Njombe na Vidonge vya Usingizi

Saa kumi na moja alfajiri, ukungu umelala juu ya miti ya miwati na maji ya bomba yanauma vidole. Telesia Mwalongo, kitenge kimefungwa juu ya sweta mbili, anapita kitanda kwa kitanda katika bweni la wasichana. Hapigi kengele. Anamwita kila mmoja kwa jina, na haondoki mpaka ajibiwe.

"Kuguna hakutoshi," anasema. "Nataka aniambie, 'Nimeamka, mama.' Hapo moyo wangu unatulia."

Telesia, mzaliwa wa Ilembula, ni matroni wa shule hii ya bweni iliyo nje kidogo ya mji wa Njombe. Alianza kama mpishi. Leo kazi yake ni mashuka, kuni, maji, wagonjwa, na wasichana wanaolia kwa kukumbuka nyumbani.

Kengele aliiacha mwaka juzi, 1995, wiki chache kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Asubuhi hiyo ililia kama kawaida. Wasichana wote wakaamka isipokuwa Anneth.

"Nilidhani anadeka, nikamvuta blanketi," anakumbuka. "Mkono ukaanguka tu, hauna nguvu. Anapumua, lakini kwa mbali."

Alimlaza ubavu, akamwita mlinzi kwa kelele, wakambeba hadi kwenye pikapu ya shule. Anneth alizinduka hospitalini kesho yake. Chini ya godoro lake vilikutwa vidonge vya usingizi, dawa ambayo haipaswi kutolewa bila cheti cha daktari.

Lakini tangu biashara huria iliporuhusiwa, maduka ya dawa yameota kila kona ya Makambako, mji wa malori na mabasi. Mengine huuza vidonge kama yanavyouza sabuni.

Mkuu wa shule, Mwalimu Clemens, aliamua Anneth afukuzwe. Telesia alimfuata ofisini.

"Nilimwambia, 'Mkuu, ukimfukuza huyu, wenzake watajificha zaidi. Siku nyingine tutakuta maiti.' Akaniuliza, 'Una uhakika wapo wengine?' Nikasema sina. Nipe wiki moja niulize."

Jumamosi aliketi na wasichana penye mabomba, wakifua. Hakuwahoji. Alianza kufua shuka la Anneth, akasema tu kwamba anaogopa. Kisha mmoja akasema naye hutumia. Halafu mwingine.

Walieleza kwamba hofu ya mtihani iliwanyima usingizi. Kidonge kimoja kilisaidia mwanzoni, baadaye wakahitaji viwili. Wengi walivinunua Makambako wakirudi kutoka likizo, katika duka la Hassani karibu na stendi.

Telesia alipanda basi akaenda kumwona.

"Mama, mimi mfanyabiashara," Hassani alimjibu. "Mteja kaja na hela yake, nimfukuze?"

"Sikuja kugombana, baba. Nimekuja kukualika. Njoo uwaone."

Hassani anakiri kwamba alikwenda ili asisemwe vibaya mjini. Alikaribishwa chai bwaloni. Anneth, aliyekuwa bado dhaifu, akaja kumsalimia.

"Shikamoo. Unanikumbuka?"

"Marahaba, binti. Hapana."

"Uliniuliza nataka kumi au ishirini."

Chai ilipoa mbele yake. "Nilitamani aniseme vibaya," anasema Hassani. "Hakunisema. Alinisalimia kwa adabu, basi. Njia nzima kurudi Makambako nilikuwa namwona yeye."

Tangu siku hiyo hauzi vidonge hivyo bila cheti. Wateja wengine wamehamia maduka ya jirani, naye hafichi kwamba inauma. Hata hivyo, kila muhula hupanda Njombe na kukaa na wanafunzi pamoja na Telesia, akijibu maswali yao kuhusu dawa.

Mwalimu Clemens naye alilegeza msimamo. Anneth hakufukuzwa. Alifanya mtihani mwaka uliofuata, akafaulu, na sasa anasomea ualimu. Alipoulizwa kama jina lake lifichwe, alicheka. "Liandike. Wapo wanaodhani nilikufa."

Si kwamba tatizo limekwisha. Muhula uliopita Telesia alikuta vidonge ndani ya soksi ya msichana wa kidato cha pili. Lakini binti huyo alimwonyesha mwenyewe pa kutafuta.

Sasa Telesia amepata ruhusa ya kuzungumza na darasa la saba katika shule mbili za msingi za mjini, mojawapo ikiwa Shule ya Msingi Ramadhani. Hassani ameahidi kuwaita wenzake wenye maduka ya dawa wakae pamoja Makambako mwezi ujao. Wangapi watakuja, hajui.

Anachotaka zaidi Telesia ni chumba kidogo pembeni ya bweni, chenye kitanda, jiko la mkaa na mlango usiofungwa kwa kufuli.

"Mtoto akikosa usingizi, aje anywe uji, tuzungumze," anasema. "Hata kama ni mimi nitakayesinzia kwanza."